NGC 253 au M82: uchague kitovu kipi kusoma jinsi gesi inavyogeuka nyota?

Kila msimu wa kuchagua mada za utafiti ukifika, napata ujumbe wa mwanafunzi wa fizikia anayetaka kusoma galaksi zinazozaa nyota kwa fujo. Karibu wote huja na picha ileile ya M82: galaksi nyembamba iliyolala upande, na manyoya mekundu ya gesi yakichomoza juu na chini yake. Ni picha inayoshika moyo, nami simlaumu aliyeipenda. Lakini kabla hujaandika jina la M82 kwenye karatasi ya pendekezo, nakuomba uiweke kando ya galaksi ya NGC 253 uzitazame pamoja. Nitakueleza ninavyoziona, na mapema niseme msimamo wangu: kama swali lako ni namna gesi baridi inavyogeuka nyota, chagua NGC 253. Kama swali lako ni yanayoifika gesi hiyo nyota zikishazaliwa, M82 ndiyo yako.

Zinalinganishika vizuri kuliko jozi nyingine yoyote ninayoijua. NGC 253 iko umbali wa miaka ya nuru milioni 11.4 hivi, M82 kama milioni 12. Kwa maneno mengine, sekunde moja ya tao angani (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) ni takriban miaka ya nuru 55 hadi 58 kwa zote mbili. Ukiona tofauti kati ya ramani zao, usiusingizie umbali. Tena zote mbili tunaziona karibu kwa ubavu, kwa mwinamo wa nyuzi 76 hadi 80, hivyo hata ugumu wa kupenya vumbi unafanana.

Gesi ambayo haionekani

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya hidrojeni ya molekuli, yaani atomu mbili za hidrojeni zilizoshikana. Shida ni kwamba molekuli hiyo, kwenye baridi ya mawingu hayo, haitoi mwanga wowote wa maana. Kwa hiyo tunatafuta mwenzake, kaboni monoksidi, anayeng'aa kwenye mawimbi ya milimita 2.6, masafa ya gigahezi 115. Ni kama kujua nyumba ina watu kwa kuona moshi juu ya paa.

Sasa moshi mwingi hauna maana ya watu wengi kila mara. Kugeuza mng'ao wa kaboni monoksidi kuwa uzito wa hidrojeni kunahitaji kipimo cha kubadilishia, na kipimo kinachofaa kwa galaksi tulivu kama yetu hakifai kwenye kitovu chenye joto na msukosuko. Hapo thamani yake hushuka, na inaweza kushuka mara nne au tano. Mwanafunzi asiyelijua hili atakadiria gesi nyingi kuliko iliyopo, na hesabu zake zote zitakazofuata zitapinda. Wanaotaka gesi iliyosongamana, ile iliyo tayari kuzaa, hutafuta sianidi ya hidrojeni karibu na gigahezi 88.6, maana molekuli hiyo haing'ai sana penye gesi nyepesi.

Jiko linaloshika

NGC 253 iligunduliwa na Caroline Herschel mwaka 1783. Ni galaksi kubwa yenye mikono ya mzingo na upau wa nyota katikati. Upau huo ndio mlishaji. Unaipokonya gesi kasi yake ya kuzunguka, nayo inateremka kuelekea kitovuni. Hakuna jirani mkubwa anayehitajika kuisukuma. Ndani ya eneo la miaka ya nuru elfu chache tu kuna gesi ya molekuli yenye uzito wa Jua kama mara milioni 350, na kila mwaka gesi yenye uzito wa Majua mawili hivi inageuka nyota hapo. Galaksi nzima inazaa kama nne au tano, kwa hiyo karibu nusu ya kazi yote inafanyika kwenye kijisehemu hicho.

Fanya hesabu rahisi. Gesi hiyo, kwa kasi hiyo, ingeisha kwa miaka milioni 175. Diski za galaksi za kawaida huchukua kama miaka bilioni mbili kumaliza yao. Na hapo hatujatoa gesi inayopulizwa nje, ambayo nitaifikia.

Kilichonifanya niipende galaksi hii ni vishada vyake. Mwaka 2018 watafiti wakitumia ALMA, safu ya antena iliyoko jangwa la Atacama nchini Chile, walitoa ramani ya kitovu hiki kwa ukali wa sekunde 0.11 ya tao, yaani kama miaka ya nuru sita. Badala ya wingu moja refu linalong'aa, waliona vitone 14 vilivyojipanga kwenye ukanda mwembamba. Kila kitone ni kishada kikubwa cha nyota ambacho bado kinajengwa, vingine vikiwa na uzito wa Jua kama mara elfu kumi na vikubwa kabisa vikikaribia milioni moja, na karibu vyote vimefunikwa na vumbi zito kiasi kwamba darubini ya mwanga wa kawaida haivioni.

Miaka mitatu baadaye ukali ulifika sekunde 0.028, chini ya miaka ya nuru miwili. Kwenye vishada vitatu mistari ya spektra (mwanga uliopangwa kwa masafa yake) ilionyesha jambo zuri sana: upande wa mwendo wa kutujia, mstari umezama chini kwa sababu gesi iliyo mbele ya kishada inameza mwanga wake, upande wa pili umepanda kwa mng'ao. Umbo hilo la bonde na kilima kando kwa kando ni alama ya gesi inayosukumwa nje pande zote. Hicho ni kishada kilichoanza kupuliza matandiko yake. Ukiwa na faili hilo mbele yako unaweza kuweka kipimo juu ya kitone kimoja, ukachora spektra, na bonde likatokea palepale. Nimewaona wanafunzi wakinyamaza kabisa dakika hiyo.

Kama umewahi kuwasha jiko la mkaa unajua ile hali: cheche zimeshika pembeni, mkaa mwingi bado mweusi, moshi unatoka kuliko moto. NGC 253 ndiyo hiyo.

Jiko lililokolea

M82 aliiona kwanza Johann Elert Bode tarehe 31 Desemba 1774, akiwa ameiona na jirani yake M81 usiku uleule. Ujirani huo ndio chanzo cha mambo. M81 ni kubwa zaidi, na miaka milioni mia kadhaa iliyopita galaksi hizo mbili zilipitiana karibu. Ramani za hidrojeni ya atomu zilizochapishwa mwaka 1994 kutokana na safu ya VLA ya New Mexico zinaonyesha madaraja marefu ya gesi yanayounganisha M81, M82 na NGC 3077, ilhali kwenye picha ya kawaida ungedhani kila moja imekaa peke yake. Mvutano huo uliisukuma gesi ya M82 katikati, na nyota zikaanza kuzaliwa kwa kasi ya uzito wa Majua kama kumi kwa mwaka, kwenye eneo pana kuliko lile la NGC 253.

Lakini mlipuko mkuu wa uzazi umeshapita kilele. Kazi za miaka ya mwanzo ya 2000 kwa mwanga wa infraredi zilikuta vipindi viwili, kimoja kama miaka milioni 10 iliyopita na kingine kama milioni 5. Nyota nzito zilizozaliwa wakati huo nyingi zimeshakufa. Darubini za redio zimehesabu kama vitone 50 kitovuni, vingi vikiwa mabaki ya supanova, yaani nyota zilizokufa kwa kulipuka. Vishada vingi vimeshajikwamua kwenye vumbi lao, na picha za darubini ya James Webb zilizochapishwa mwaka 2024 zilitoa zaidi ya 1,300 vinavyodhaniwa kuwa vishada. Mkaa wote umekuwa mwekundu.

Nitoe tahadhari moja hapa kwa sababu nimeikuta kwenye mapendekezo kadhaa. Supanova ya SN 2014J, iliyoonekana M82 tarehe 21 Januari 2014 wakati wa somo la wanafunzi kwenye kituo cha uangalizi cha Chuo Kikuu cha London, usiitumie kama ushahidi wa mlipuko wa uzazi wa nyota. Ilikuwa ya aina ya Ia, ile inayotokana na nyota kibete nyeupe, nyota iliyokwisha zeeka. Supanova zinazohusu hoja yako ni zile zilizofichwa na vumbi kitovuni, kama SN 2008iz ambayo ilijulikana kwa redio.

Kemia inasema umri

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, na ndipo ningemshauri mwanafunzi makini aweke nguvu. Ukipima molekuli za vitovu hivi viwili, hazifanani. NGC 253 ina methanoli na silikoni monoksidi kwa wingi. Hizi ni molekuli zinazokaa zimeganda juu ya chembe za vumbi, au zinazotokana na madini ya chembe zenyewe, mpaka kitu kizigonge. Wingi wake ni dalili ya mawingu yanayogongana, gesi ikiingia kwa kasi kupitia upau na kukutana na iliyotangulia. M82 ni maskini wa molekuli hizo, lakini ina zile zinazostawi penye mwanga mkali wa urujuanimno, kama molekuli ya HCO iliyotapakaa sehemu kubwa ya diski yake. Huko nyota zimeshaibuka na zinayachoma mawingu kwa nje.

Kwa NGC 253 kuna hazina kubwa inayoitwa ALCHEMI, mradi wa ALMA uliopima kitovu chake kuanzia gigahezi 84 hadi 373 bila kuacha pengo kubwa, kwa ukali wa sekunde 1.6 ya tao. Ni zaidi ya molekuli 100 za aina mbalimbali katika kitovu kimoja. Kutokana nayo wametoa kadirio kwamba miale ya kosmiki, yaani chembe zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, inaipiga gesi ya hapo kwa nguvu inayozidi ile ya maeneo ya kawaida ya galaksi yetu kwa mara elfu moja hivi au zaidi. Na miale hiyo tumeithibitisha kwa njia nyingine kabisa: mwaka 2009 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zilinasa mionzi ya gamma kutoka NGC 253, na mwaka huohuo VERITAS ya Arizona ikanasa ya M82. Kwa jambo hili hakuna galaksi inayomzidi mwenzake, zote ni mashahidi wazuri.

Upepo

Kwa upepo, M82 ni malkia, nakiri bila kusita. Nyuzi zake za hidrojeni yenye joto zinajulikana tangu mwaka 1963, na gesi yake baridi imefuatiliwa maelfu ya miaka ya nuru juu ya diski. Mwaka 2021 ilichapishwa ramani ya kaboni monoksidi iliyounganishwa kutoka sehemu 154 za anga kwa safu ya NOEMA iliyoko milima ya Alps ya Ufaransa, kwa ukali wa kama miaka ya nuru 100. Ukiipitia unaona gesi baridi ikipungua kadiri inavyopanda, na hoja yenye nguvu kuanzia mwaka 2015 ni kwamba sehemu kubwa haitoki kabisa, inarudi chini kama maji ya chemchemi. Swali la gesi ngapi inaondoka na ngapi inarudi bado lina nafasi ya kazi nyingi.

NGC 253 nayo ina upepo wa gesi baridi, uliotangazwa mwaka 2013 kwa ALMA. Makadirio ya kwanza yalikuwa uzito wa Majua 3 hadi 9 kwa mwaka. Mwaka 2019, kwa data kali zaidi, yakawa 14 hadi 39. Usishangae. Tofauti kubwa imo kwenye kile kipimo cha kubadilishia nilichokitaja, na jinsi unavyoitenga gesi inayotoka na ile ya diski inayozunguka nyuma yake. Kwa vyovyote vile, gesi inayopeperushwa haipungui ile inayogeuka nyota. Rudi kwenye hesabu ya miaka milioni 175: hata ukichukua kadirio dogo kabisa la upepo, inashuka hadi kama milioni 70.

Darubini inayoweza kuiona

Hili wanafunzi hulisahau, na linauma likigundulika mwezi wa tatu wa mradi. M82 iko nyuzi 69.7 kaskazini mwa ikweta ya anga. ALMA iko latitudo ya nyuzi 23 kusini. Jumlisha: 92.7. Kwa hiyo M82 haipandi juu ya upeo wa ALMA kamwe. Hakuna data ya M82 kwenye hifadhi ya ALMA, wala haitakuwepo. Kijana mmoja alinieleza kuwa alitafuta siku kadhaa akidhani anakosea kuandika jina. NGC 253, yenye nyuzi 25.3 kusini, inapita karibu utosini pa ALMA. Kwa M82 utategemea NOEMA, VLA na darubini za angani.

Ukiwa Afrika, hesabu hiyo inazidi kuegemea kusini. Darubini ya redio ya MeerKAT iliyoko Karoo, Afrika Kusini, inaiona NGC 253 vizuri na haitaiona M82 hata siku moja, na ndivyo itakavyokuwa kwa antena za SKA, darubini kubwa zaidi ya redio, zinazojengwa palepale. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango huo. Antena hizo hazifiki gigahezi 115, kwa hiyo usitegemee kaboni monoksidi. Zitakupa hidrojeni ya atomu, na mng'ao wa redio wa gesi iliyopashwa na nyota changa, ambao vumbi haliuzuii. Kwa kupima kasi ya kuzaa nyota kwenye kitovu kilichofunikwa, huo ndio mng'ao ninaouamini kuliko mwingine.

Data za ALMA huwa wazi kwa kila mtu baada ya muda wa watafiti wenyewe kwisha, kwa kawaida miezi 12. Usianze kwa kushusha data ghafi. Ni mzigo utakaomaliza bando lako na diski yako. Chukua mafaili yaliyokwisha tengenezwa, yafungue kwa CARTA, programu ya bure ambayo taasisi ya IDIA ya Afrika Kusini ni mmoja wa walioiunda. Anza na kaboni monoksidi ya NGC 253. Sogeza chaneli za mwendo, yaani picha moja kwa kila kasi ya gesi, moja baada ya nyingine, ukianzia chini ya kilomita 250 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya galaksi nzima kutukimbia. Gesi inawaka kwanza upande mmoja wa kitovu, inahamia katikati, kisha inaishia upande wa pili. Huo ni mzunguko. Gesi yoyote utakayoiona ikiwa mahali ambapo mzunguko hauielezi, iandike kwenye daftari.

Mpimaji wa tatu

Yeyote utakayemchagua, mweke kando ya kitovu cha galaksi yetu wenyewe. Gesi ya molekuli ya huko ni kama sehemu ya kumi ya ile ya kitovu cha NGC 253, lakini nyota zinazozaliwa hazizidi sehemu ya ishirini. Lipo hata wingu moja, Brick wanavyoliita, lenye uzito wa Jua kama mara 100,000 na msongamano mkubwa, na karibu halizai kitu. Kwa hiyo gesi nzito peke yake haitoshi, na jibu la kinachokosekana bado linabishaniwa: msukosuko wa ndani ya mawingu, sumaku, au kwamba tumelikuta kwenye kipindi cha mapumziko kati ya milipuko miwili ya uzazi. Mimi naegemea hili la mwisho, na NGC 253 ndipo mahali pa kulipima.

Basi, mwenye mwaka mmoja wa shahada ya uzamili, intaneti ya kawaida na swali la uzazi wa nyota, achukue NGC 253. Mwenye msimamizi aliye na uzoefu wa NOEMA au wa James Webb, na hamu ya kujua gesi inakwenda wapi, achukue M82. Anayependa kemia asichague. Azipime zote mbili kwa molekuli nne au tano tu.

Na kabla ya yote, nenda ukaione kwa macho. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, mahali penye giza la kweli, NGC 253 inakuwa juu sana upande wa kusini: kama nyuzi 71 ukiwa Dar es Salaam, 66 ukiwa Nairobi. Iko kwenye kundinyota la Nakshi (Sculptor), mashariki ya nyota ya Fumalhuti (Fomalhaut). Darubini ya mkono inatosha, nayo itaonekana kama doa refu hafifu. M82 isubiri hadi Aprili mwanzoni, saa ileile, utafute mahali ambapo kaskazini hakuna mlima wala taa, kwa sababu Nairobi inapanda nyuzi 19 tu, na Dar es Salaam kama 13 na nusu.